Yago la Onyango

Mti wenyewe uko chini ya boma, karibu na kijito. Kivuli chake ni kizuri lakini hakuna anayekaa hapo. Matunda yake ni marefu na mazito, yananing'inia kwenye kamba zake kama vibuyu vya maziwa ambavyo mwenyewe amesahau kuviteremsha, na yakianguka hayapigi hodi. Ndama mmoja alivunjika mgongo hapo. Watu wa pwani, nasikia, huuita mvungunya. Sisi tunauita yago.

Ni mti wa Dani Orpah. Dani kwetu ni nyanya, na huyu ni mama yake mama yangu. Kwake ni upande wa Rodi Kopany, ukiteremka kuelekea Homa Bay. Nimeishi naye tangu nilipotolewa shule darasa la tatu, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona, na yale ya zamani niliyasikia akiyasema mwenyewe jikoni.

Alipoolewa aliukuta mti pale pale, na mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha. Gome linachemshwa, na maji yake anaogeshwa mtoto mwenye surua. Tunda linakatwa vipande, linaanikwa juani mpaka likauke, linatwangwa, na unga wake unapakwa kwenye jipu na kwenye kidonda kisichotaka kupona. Likiwa bichi haliliwi, ni sumu. Kipande kikavu kinatundikwa juu ya mlango ili kisulisuli kisibebe paa. Dani alibatizwa kwa Wasabato wa Kosele, huko ndiko alikopewa jina la Orpah, na siku ya Sabato haendi kwenye mti hata umlilie. Siku nyingine anakwenda. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumwuliza kama upepo unaogopa tunda.

"Sijui, mzee," Dani alimjibu. "Lakini mwaka jana lililoruka ni paa lako. Langu liko."

Wanawake walimjia zaidi kwa ajili ya matiti. Mama mwenye mtoto mchanga anavimba, maziwa yanagoma, anatembea amejikunja kama aliyeficha mahindi ya wizi. Dani anampaka ule unga huku anamsema. "Huyu mtoto ananyonya au anakutazama tu? Umemzaa mwanaume mwenye haya, basi hutapata wajukuu." Mama anacheka na machozi yanamtoka.

Lakini jina lake lilikwenda mbali kwa sababu nyingine. Kwetu, mtu akifia mbali, maji yakamla au vita vikamla, na mwili usionekane, haachwi hivyo hivyo. Hana kaburi. Analala nje, mvua inampiga, na akichoka kupigwa na mvua anarudi kuwasumbua walio ndani. Basi linatafutwa tunda la yago, refu kadiri linavyopatikana, linalazwa kwenye blanketi, linaliliwa, linazikwa. Hilo ndilo yeye. Kuanzia siku hiyo amekufa kweli, na hata akija na miguu yake mwenyewe hakuna atakayeitikia salamu yake.

Watu walitoka mbali kuja kuomba tunda kwa Dani. Aliwakalisha, akauliza aliyepotea anaitwa nani, mama yake ni nani, alipenda chakula gani. Kisha waliteremka wote mpaka kwenye mti. Tunda la kuzikwa halipigwi jiwe. Mtu anapanda, analifunga kamba, analikata, analiteremsha polepole mpaka mikononi mwa walio chini. Haliwekwi ardhini mpaka liingie kaburini. Likiteleza likaanguka, basi yule mtu amekataa. Kukataa maana yake hajafa, yuko mahali, na wenyewe warudi nyumbani wakamngoje. Nimeona hivyo mara moja, watu wa kutoka Kanyada. Tunda lilipoanguka hawakulitazama tunda. Walimtazama Dani, kwa sababu yeye ndiye husema. Akasema, "Amekataa." Wakaondoka wanaimba.

Sasa Onyango.

Onyango alikuwa kifungua mimba wake, mtoto mrefu, mcheshi, mwenye miguu ya safari. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyelisha nyumba kwa biashara ya ng'ombe. Alikwenda mpaka Kegonga kwa Wakuria, akanunua pamoja na rafiki yake Magige, na wawili hao wakaswaga mafahali kwa miguu kupitia Migori mpaka mnada wa Rodi. Hakuwa ameoa. Alisema ataoa akipata msichana anayetembea haraka kuliko fahali.

Ule mwaka wa mvua kubwa, kabla ya Uhuru, mto Kuja ulijaa mpaka ukala mashamba. Magige alifika hapa peke yake, jioni, matope mpaka kifuani. Alikataa kiti. Alichuchumaa nje kwenye ua, masikio yake yale yaliyotobolewa yakitikisika kwa baridi, akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani:

"Mama Onyango, mimi naona yeye ameshika mkia ya ng'ombe. Maji inapeleka. Anaingia kona ile iko na miti. Mimi sioni tena."

"Alikuwa ameshika?"

"Ameshika."

"Na kichwa kilikuwa juu?"

"Kichwa ilikuwa juu, mama."

Maneno hayo ndiyo Dani aliyoishi nayo miaka yote iliyofuata. Vijana walifuata mto mpaka unapoingia ziwani. Walikuta fahali mmoja amekwama kwenye mafunjo, amevimba. Onyango hawakumwona. Mvua zilipokoma, Ogweno, ndugu wa marehemu babu, alikuja kusema wakati wa yago umefika.

"Ng'ombe anajua kuogelea," Dani akamwambia.

"Shemeji, ng'ombe mwenyewe tulimkuta amekufa."

"Yule mliyemkuta ni mwekundu. Onyango alipenda kushika mweusi."

Ogweno akarudi kwake. Utamwambia nini mtu kama huyo.

Kila siku ya mnada Dani alikwenda Rodi Kopany. Hakuwa na cha kuuza wala cha kununua. Alisimama penye mazizi mpaka Wakuria wamalize kufunga ng'ombe zao, kisha akawauliza. Wengine walimcheka. Mmoja alisema amemwona Mjaluo mrefu Musoma, anafanya kazi ya kuchunga. Mwingine alisema huyo wa Musoma si Mjaluo, ni Msukuma. Magige mwenyewe akija alimtafuta kwanza Dani kabla hajauza, na aliulizwa yale yale, kuhusu mkia na kichwa, naye alijibu yale yale. Watu walisema Mkuria huyu amemuua mtoto na sasa anamnyamazisha mama kwa maneno. Dani hakuwasikiliza. Alimpa uji.

Na huku nyumbani Japheth alikuwa anakua. Japheth ni mdogo wake Onyango. Kwetu mdogo haoi kabla ya mkubwa kuoa, hiyo ni kumruka, na ni mwiko. Mkubwa akifa, njia inafunguka. Lakini Onyango hakuwa amekufa na hakuwa ameoa. Japheth alingoja mpaka wenzake wote wakawa na watoto wanaochunga mbuzi, kisha akamleta Mellen. Mellen alitoka Kosele, msichana mpole mwenye vicheko vya chini chini. Hapo ndipo Dani alipokosea. Hangeweza kusema Onyango amekufa, na hangeweza kumwambia Japheth angoje tena. Basi alinyamaza. Alimpokea Mellen, akampa chungu, akampa shamba la mtama, kama kwamba hakuna aliyerukwa.

Mtoto wa kwanza alikufa kabla hajaota meno. Alianza kukonda tu, nywele zikawa nyepesi kama za hindi changa. Walimpeleka hospitali, wakapewa dawa, akapata nafuu kidogo, akakonda tena. Dani alimwogesha maji ya gome asubuhi na jioni. Wa pili naye alikwenda hivyo hivyo. Siku ya kumzika huyo wa pili nilimwona Dani amesimama chini ya yago na kile kibuyu cha dawa, akimwaga yale maji yaliyobaki kwenye mizizi, taratibu, kama anayemrudishia mtu kitu chake.

Neno lililozunguka kijijini lilikuwa moja, chira. Chira ni ule ugonjwa wa kukonda unaoletwa na mwiko uliovunjwa, na hauponi mpaka mwiko utengenezwe. Hakuna aliyelisema mbele ya Dani, lakini Mellen akienda kisimani wanawake walisogeza watoto wao.

Mellen alipobeba mimba ya tatu, Ogweno alikuja tena, safari hii na Japheth. Nilikuwa napepeta wimbi. Walikaa nje ya nyumba ya Dani, na Japheth alikuwa anatazama miguu yake.

"Shemeji," Ogweno alisema, "umewapa yago watu wa dunia nzima. Wako tu ndiye humpi."

"Wao waliniomba."

"Na sisi tunaomba."

"Nyinyi mnaniomba nimuue."

"Mama," Japheth akasema, "mto umemuua. Sisi hatujamgusa."

Dani alikuwa anachambua mboga. Hakuacha. "Baba yangu alichukuliwa Kariakoo, kubeba mizigo ya askari, ile vita ya Wajerumani. Nilikuwa mtoto. Walingoja, wakachoka, wakamzikia yago. Mama alinyolewa, akarithiwa na ndugu ya baba. Halafu siku moja mtu amesimama langoni, mguu umeoza, anasema mimi ndiye. Mnajua walimwambia nini? Hawakumwambia kitu. Walizima moto, wakafunga milango. Mama alikuwa ndani, ameniziba mdomo. Yule mtu alikaa nje ya boma siku tatu anaita majina yetu mmoja mmoja, jina langu la utotoni pia, na hakuna aliyeitika. Mtu aliyezikwa haitikiwi. Kisha akaondoka. Walisema alielekea Tanganyika."

Japheth akaacha kutazama miguu yake.

"Huyo alikuwa yeye kweli?" Japheth aliuliza.

"Aliita jina langu."

Ogweno alisimama, akajipangusa. "Basi tutamngoja Onyango. Na Mellen atazaa, na tutachimba tena kale kashimo kadogo. Mimi jembe langu liko tayari." Ilikuwa dhihaka mbaya, na naamini mwenyewe aliijutia, maana hakuaga vizuri.

Mellen mwenyewe hakuomba kitu. Hilo ndilo lililomshinda Dani. Mimba ilikuwa kubwa na Mellen hakuandaa chochote, hata kitambaa. Alitembea na tumbo kama amebebeshwa mzigo wa mtu mwingine ambaye atakuja kuuchukua. Jioni moja tulikuwa jikoni, moshi umejaa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi:

"Mama, huyu nikimzaa nimtafutie jina, au ningoje kwanza nione?"

Dani aliinamia meko. Alisukuma kuni ndani, akapuliza, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

Asubuhi alimwita Japheth langoni kwake. "Tafuta kamba," akamwambia. "Kamba ya ng'ombe, si ya mbuzi."

Walikuja watu wengi kuliko nilivyofikiri. Ogweno alikuwa na blanketi jipya mkononi. Magige alikuwepo, alikuwa amelala Rodi akingoja mnada, akasikia. Alisimama mbali na wengine. Dani hakuuliza anaitwa nani, mama yake ni nani, alipenda chakula gani. Alinyoosha mkono tu kuonyesha tunda. Lilikuwa refu kuliko yote, upande wa kijito. Nilikuwa nikiliona miaka mingi na nikajua kwa nini hakuwahi kumpa mtu hilo.

Japheth alipanda. Alifunga kamba, akapiga panga. Alikuwa analia huko juu, nadhani hakuona vizuri alivyofunga fundo. Kikonyo kilipokatika, tunda lilikaa kidogo kwenye kamba, likazunguka, likachomoka. Tulisikia lilivyopiga chini. Lilipasuka katikati.

Hakuna aliyesogea. Japheth juu ya tawi alishika kichwa. Kisha, kama siku ile ya watu wa Kanyada, macho yote yakamgeukia Dani.

Angeweza kusema. Hakuna mtu ambaye angebishana naye, hata Ogweno. Ni mti wake, na maneno ya mti ni yake. Neno moja tu, amekataa, na Onyango angekuwa hai kwa watu wote, si kwake peke yake tena. Niliona mdomo wake umeanza kufunguka. Uso wake ulikuwa umebadilika, ulikuwa umekuwa wa msichana. Mellen alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, miguu imenyooshwa, mikono chini ya tumbo, na yeye peke yake hakuwa anamtazama Dani. Alikuwa anatazama tunda.

Dani alikwenda mpaka lilipokuwa, akainama, akaligeuza lile pasuko kwa kidole.

"Hili lilikuwa na mdudu," akasema. "Limeoza ndani. Japheth, panda upande huu mwingine. Funga mara mbili."

Nilikuwa karibu naye. Ndani tunda lilikuwa jeupe, safi, mbegu zimekaa kwenye nyuzi zake, hakuna tundu wala doa. Alilisukuma kwa mguu mpaka likaingia kijitoni, likaenda na maji.

La pili lilikuwa fupi. Liliteremka vizuri, Ogweno akalipokea kwa blanketi, na wakaanza kupanda nalo kuelekea bomani. Mama ndiye hupiga nduru ya kwanza. Wengine hawawezi kulia kabla yake. Tulitembea kimya mpaka kaburini, tukasimama kimya, na watu wakaanza kutazamana. Ogweno akanong'ona, "Shemeji." Ndipo ikatoka. Sijawahi kusikia sauti ile na sitaki kuisikia tena. Kuku walikimbia chini ya ghala. Wanawake wote wakaipokea, na Onyango akazikwa.

Jioni walimnyoa Dani. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Magige alikuja kuaga, akasimama mbele yake kama anayengoja kuulizwa, na alipoona haulizwi akasema mwenyewe, "Mama, mimi sijaongopa. Kichwa ilikuwa juu."

"Najua, mwanangu," Dani akamwambia. "Nenda kabla giza halijaingia."

Usiku huo nilimwuliza lile tunda lilikuwa na mdudu gani. Tulikuwa tumelala, nilidhani giza litanisaidia.

"Wewe macho yako yanakwenda kila mahali," akasema. "Yalaze."

Mellen alizaa mvulana wakati wa palizi. Alikuwa mnene, mweusi, mwenye kelele. Alilia mchana na alilia usiku, na wanawake walisema anatafuta jina. Kwetu mtoto akilia hivyo anaitiwa majina ya waliokufa katika ukoo, moja moja. Akinyamaza kwa jina fulani, basi mwenye jina amekuja kumchagua. Walikaa nyumbani kwa Mellen wakamwita jina la babu. Analia. Wakamwita la baba yake babu. Analia. Waliita wajomba na mashangazi, mpaka wale ambao hakuna aliyewaona.

"Mama," Mellen akasema, "limebaki moja."

Dani alikuwa amekaa karibu na mlango. "Hilo liacheni."

"Mama, si haki. Yeye ndiye aliyetufungulia njia. Anataka jina lake."

"Liacheni."

"Unaogopa nini, mwenzangu?" Mke wa Ogweno aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya. "Mtoto akinyamaza, utajua mtoto wako amefika walipo wenzake. Utapumzika."

"Na asiponyamaza?"

Mke wa Ogweno alitengeneza leso yake. Mtoto aliendelea kulia mpaka sauti ikakauka, akachoka, akalala bila jina, na kesho yake wakampa la babu kwa sababu ilibidi aitwe kitu.

Sasa ana mwaka na zaidi. Ana meno, nywele zake ni nyeusi, anakimbiza bata. Mellen amerudia kucheka. Watu bado wanakuja kuomba yago, na Dani huwaonyesha mti kutoka mlangoni, hateremki nao tena. Majirani hawakulizoea lile jina la babu. Wao humwita mtoto Onyango, na mtoto amelikubali, akiitwa hivyo hugeuka. Dani huendelea na kazi yake, hainui kichwa.